Nyumba Iliyoanzia Kwenye Benchi

Kijiwe chenyewe si cha kujivunia. Ni benchi moja la mbao lililowekwa pale ambapo barabara ya maduka inakutana na mtaa wa nyumba za kale, zile zilizojengwa kwa safu, moja imeegemea nyingine bega kwa bega, na ukuta mmoja unatumikia nyumba mbili, hata jirani akipiga chafya unajikuta unampa pole. Mbele ya benchi pana sakafu pana ya saruji, halafu mtaro, halafu barabara. Muuza kahawa huweka jiko lake la mkaa pembeni, na wateja wake wa kudumu ni wale wale siku zote. Yupo Injinia, ambaye ujenzi aliusomea kwa kulinda ghala la saruji. Yupo Wakili, aliyewahi kuitwa mahakamani mara moja kutoa ushahidi wa kuku aliyeibiwa, na tangu hapo hakubali kupitwa na kifungu chochote cha sheria. Na yupo Mzee Kwanza, ambaye kila hoja yake huanza na "kwanza", na hajatokea binadamu aliyewahi kusikia ya pili. Asubuhi hiyo alikuwepo pia Mrithi, na Mrithi alikuwa na shida.

Jina la Mrithi alilipata siku aliyoachiwa nyumba na marehemu shangazi yake, nyumba ya katikati ya safu. Kwa nje ni nzuri mno, wapita njia husimama kuipiga picha. Kwa ndani, mkewe alikuwa na maneno yake mwenyewe: handaki lenye ghorofa. Vyumba vya chini vimepangana kimoja nyuma ya kingine, hivyo anayekwenda chooni lazima awasalimie watu wote wa nyumba, kwenda na kurudi. Mke alivumilia humo na watoto wake watatu kwa muda mrefu kuliko ambavyo wewe ungevumilia. Kisha asubuhi moja akakunja nguo, akawachukua watoto, akaenda kwa dada yake. Hakugombana na mtu, na hilo ndilo lililomtisha Mrithi. Aliondoka akisema maneno machache tu: "Jumamosi nitapita. Nikikuta una mpango wa nyumba ya watu wanaoishi, narudi na watoto. Nikikuta huna, dada amenipatia nyumba ya kupanga jirani na kwake, na mimi nitaichukua."

Leo ndiyo Jumamosi. Mwashi naye alishaahidi kufika na nyundo yake. Mrithi angeweza kufanya jambo la maana, akaenda kwa shemeji yake mapema kuzungumza na mke. Hakufanya. Alifanya lile wafanyalo wanaume walioishiwa: alikwenda kijiweni kuomba ushauri.

— Jamani, alisema, mwashi yuko njiani, na mama watoto yuko njiani. Mwashi ataniuliza avunje wapi. Nimwambie nini?

— Kwanza, alisema Mzee Kwanza, hujatuagizia kahawa.

Kahawa ikaagizwa. Vikombe vikapita mkono kwa mkono, na baada ya mafunda mawili matatu akili za kijiwe zikaanza kupata moto.

— Kabla hujagusa tofali, alisema Wakili, tuambie yule afisa wa majengo ya kale alikupa masharti gani. Neno kwa neno.

— Alisema mbele pasiguswe. Mlango ubaki ule ule, madirisha yale yale, roshani ile ile, hata rangi nisibadilishe. Ndani nifanye nitakavyo, ila kuta za majirani niziache.

— Umesikia? Mbele. Hakusema mbele ya nani. Wewe geuza tu nyumba. Mkianza kupitia mlango wa uani, mbele inakuwa nyuma, na nyuma unavunja upendavyo.

— Mlango wa uani unatokea kwenye uchochoro wa mapipa ya taka.

— Hiyo ni anuani. Sheria haijali harufu.

Injinia alitikisa kichwa kwa huruma, kama daktari aliyeletewa mgonjwa na mganga.

— Tatizo lenu mnaijadili nyumba bila kuijua. Nikuulize, Mrithi, zile kuta kwa nini ni nene vile?

— Nilisikia ni kwa sababu ya joto.

— Uongo. Zamani vipimo vilikuwa haba. Mwashi alianza kujenga, na hakuna aliyemwambia imetosha, akaendelea kuongeza mpaka mawe yakaisha. Sasa wewe usivunje ukuta hata mmoja. Chonga. Toa nusu ya unene wa kila ukuta, kwa ndani, polepole. Ukijumlisha, umepata chumba kizima cha bure. Bandu bandu huisha gogo.

— Si itatuangukia?

— Iangukie wapi? Kushoto imebanwa, kulia imebanwa. Nyumba ya safu haina hata nafasi ya kuangukia.

Hoja ilikuwa na sura ya akili. Hata Mrithi, ambaye si mjinga, aliitafakari kuliko ilivyostahili. Ndivyo ilivyo. Mtu mwenye shida akipewa jibu la haraka halitazami mgongoni.

— Na kuna ufa, akasema. Ukuta wa uani, toka juu mpaka kwenye bomba. Huo nao?

— Usiuguse, alidakia Wakili. Wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe si unataka nyumba mpya? Uache ufa, ukuta utajengwa.

— Na nani?

— Methali haikufika huko.

Muuza kahawa, aliyekuwa akipuliza mkaa, alicheka mpaka majivu yakamrukia usoni. Injinia alimkazia macho.

— Kwanza, alisema Mzee Kwanza, mimi nashangaa haya mambo ya kuvunja. Familia za siku hizi zina haja gani na nafasi? Baba na simu yake, mama na simu yake, watoto na simu zao. Hawaonani hata wakikaa kwenye mkeka mmoja. Mpe kila mtu kona na soketi ya kuchajia, basi, hiyo ndiyo nyumba ya kisasa.

— Watoto wangu hawana simu, mzee.

— Ndiyo maana wamehama.

Lile neno lilimchoma Mrithi, na Mzee Kwanza aliliona limechoma, akajificha nyuma ya kikombe chake. Wakili alikuwa mwepesi kuokoa hali.

— Sikilizeni. Suluhisho liko kwenye ghorofa. Ghorofa ya juu uiandikishe peke yake. Namba yake, anuani yake, mlango wake wenye kitasa. Mama watoto siku akikasirika anahamia juu. Kisheria amehama, heshima yake imelindwa. Kimwili yupo, na wali unaiva chini kama kawaida.

— Na wali huo anaupika nani, kama mpishi amehamia juu?

— Wewe usiingilie kesi, muuza kahawa.

— Na ngazi hizo mnazosahau, alisema Injinia. Ngazi za nyumba hizo ni mwinuko wa kupandia mbuzi. Ziondolewe, zinakula nafasi. Weka kamba na ndoo kubwa. Chakula kinapanda kwa ndoo, nguo zinashuka kwa ndoo, mtoto mdogo naye anapanda kwa ndoo.

— Na mimi?

— Wewe punguza kula.

Mrithi alishika kichwa kwa mikono miwili. Alisema wazi, bila kujificha, kwamba anaogopa. Kwamba usiku akiamka anasikia watoto wa jirani wakikohoa ng'ambo ya ukuta, na anadhani ni wake. Kwamba mkewe akija akamkuta hana cha kumwonyesha, ataichukua ile nyumba ya kupanga, na yeye atabaki peke yake na madirisha ya kupigwa picha. Wakamsikiliza kwa heshima, maana walimpenda kweli. Kasoro yao haikuwa moyo.

— Basi tuache kujengea hewani, alisema Injinia. Nyumba ichorwe. Hapa hapa, kwa ukubwa wake, tuikanyage tuione. Muuza kahawa, lete mkaa.

— Mkaa wangu wa kahawa?

— Wa baridi. Usiwe mchoyo, hii ni familia ya mtu.

Na hapo ndipo walipokosea, na kosa lenyewe ni la watu wa kijiwe tu, wengine lisingewapata. Nyumba yoyote duniani huanzia kwenye msingi. Hii ilianzia kwenye benchi, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kuinuka. Injinia alichora mstari wa kwanza kuanzia mguu wa benchi, akasema upande huu wenye madirisha ya mbele ndiyo sebule, na tayari imeshakaliwa. Mrithi ndiye aliyetumwa, mkaa mkononi, kwenda huku na huku, wenzake wakimwongoza kwa vidole kutoka kwenye benchi. Upana wa nyumba ulipofika mwisho wake, muuza kahawa akajikuta amezungushiwa mstari.

— Hapa nilipo ni wapi?

— Chooni, alisema Mrithi baada ya kuhesabu vyumba.

— Mimi siuzi kahawa chooni.

Hoja ikakubalika. Waliona ni rahisi zaidi kuhamisha choo kuliko kuhamisha jiko, kikasogezwa nyuma, chumba cha kulala kikaliwa robo yake. Mahali pale pakaandikwa "meza ya kahawa", meza ndefu, kwa ajili ya siku za mvua ambapo kijiwe hakikaliki.

— Sasa chumba cha wageni, alisema Wakili. Mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji anaumwa, si tunamwona? Basi chumba cha wageni kiwe kikubwa, apone haraka.

Kikachorwa kikubwa. Injinia akaomba stoo ndogo ya vifaa vya ujenzi, vya kwake, avihifadhi kwa muda mpaka hapo atakapovinunua. Mzee Kwanza akasema kwanza magoti yake hayawezi ngazi, akapewa kona ya chini karibu na dirisha. Ghorofa ya juu ilichorwa ng'ambo ya mtaro, kwa kuwa sakafu ya saruji ilikuwa imeisha, na mtu akitaka kupanda kwa watoto ilimbidi aruke. Bwana mmoja mwenye mfuko wa mboga alikatiza kuelekea madukani, akapita katikati ya chumba cha kulala.

— Wewe bwana, hodi hakuna kwenu? aliulizwa.

Yule bwana alitazama chini, akaomba radhi, akarudi nyuma akatokea mlangoni.

Mrithi alicheka. Tangu mkewe aondoke hakuwa amecheka vile. Alitembea ndani ya mistari mikono nyuma, akaegemea ukuta usiokuwepo, akajiona ana nyumba. Muuza kahawa alisema kahawa imepoa na mkaa uliobaki hautoshi kuirudisha, lakini nani wa kumsikiliza? Mwashi naye akafika, begi la nyundo na patasi begani, akazunguka mchoro taratibu.

— Mistari imenyooka, alisema. Sasa mwenye nyumba, nianze kuvunja wapi?

Kabla Mrithi hajafungua mdomo, mkewe alitokea upande wa madukani, na mkoba mkononi.

— Shikamoo, mzee. Habari za asubuhi, shemeji zangu.

— Marahaba. Nzuri, shemeji, karibu, karibu sana, waliitikia kwa pamoja, na kila mmoja akajitengeneza kwenye benchi kama mtoto aliyesikia mwalimu anakuja.

— Mama watoto, alisema Mrithi. Mpango ninao. Nyumba hii hapa.

Mkewe hakucheka wala hakununa. Alitafuta ulipo mlango, akauona, akazunguka mpaka pale na kuingia kupitia hapo, kama mtu anayeingia nyumba ya kweli. Mrithi alimwona akifanya hivyo na matumaini yake yakazidi hofu.

— Hapa ni wapi?

— Sebule, alisema Injinia. Ina hewa, shemeji.

— Na hapo alipokaa mzee?

— Kwanza, ni kwa ajili ya magoti, binti yangu.

— Na hiki chumba kikubwa?

— Cha wageni, alisema Wakili.

— Wageni gani?

Wakatazama vikombe vyao.

— Stoo ya nani hii? Na meza yote hii ya nini?

Mrithi alijibu hilo la stoo kwa sauti ndogo, na la meza kwa sauti ndogo zaidi. Mkewe alikwenda mpaka mwisho, akainua gauni kidogo akaruka mtaro, akasimama kwenye chumba cha watoto, akapima kwa macho vitanda vitatu vitakaa wapi. Akaitikia kwa kichwa kwamba hapo sawa. Akaruka tena kurudi. Alipita chumba cha kulala, akapita choo, akatembea taratibu akitafuta kitu, mpaka akafika katikati ya nyumba. Akasimama hapo.

— Na mimi niko wapi?

Alilisema bila hasira, kwa sauti ya mtu anayeulizia njia. Injinia aligeuza geuza kipande cha mkaa mkononi. Wakili alianza na "kisheria", akaona barabara imefungwa. Mzee Kwanza alisema "kwanza", kisha safari hii hata hiyo ya kwanza haikuja.

Mrithi aliitazama nyumba yake, na sasa akaiona. Jiko la kupikia halikuwemo. Hawakulikataa, hawakulijadili, hawakulikumbuka tu. Cherehani ya mkewe nayo haikuwemo, cherehani ambayo nusu ya sare za shule za mtaa ule zimepita chini ya sindano yake. Miaka yote mke ameshonea ukingoni mwa kitanda, chumba cha nyuma, taa imewashwa mchana kweupe, huku yale madirisha makubwa ya mbele yakimulika makochi ya shangazi yasiyokaliwa na mtu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alitaka kusema kwamba walikuwa hawajafika huko, kwamba mkaa uliisha. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, na Injinia alishaanza kuitikia kwa kichwa ili kumsaidia.

— Sijui, alisema Mrithi. Sikukuuliza. Nimeuliza kijiwe kizima, nimemuuliza hadi muuza kahawa, wewe sikukuuliza.

— Mimi naweka rekodi sawa, alisema muuza kahawa, hukuniuliza.

Mkewe alimgeukia Mrithi. Wengine wote walitafuta pa kuangalia.

— Basi niulize.

— Unataka kukaa wapi, mama watoto?

Alitembea kuelekea upande wa mbele, upande wa madirisha ambayo sheria imekataza kuguswa, kwenye mwanga ule ambao watu huja kuupiga picha. Akaenda mpaka pakaisha pa kwenda, maana mbele yake palikuwa na benchi, na juu ya benchi wanaume watatu na vikombe vyao.

— Hapa.

Mzee Kwanza alimtazama Wakili, Wakili akamtazama Injinia, na Injinia akamtazama Mrithi kwa macho ya rafiki anayeomba kutetewa.

— Inukeni, jamani, alisema Mrithi.

— Sisi? aliuliza Wakili.

— Nyinyi. Na benchi.

Wakainuka. Magoti yalilia, Mzee Kwanza akashikwa mkono, benchi likabebwa likawekwa nje ya ukuta, karibu na mtaro. Mwashi akatua begi lake chini na kusaidia upande mmoja. Injinia alikabidhi mkaa bila kuombwa, na Mrithi akapiga magoti kwenye saruji.

— Cherehani itazame dirisha, alisema mkewe. Kushoto kwake meza ya kukatia vitambaa. Na jiko lianzie hapa nyuma yangu, niwe naona sufuria na watoto kwa pamoja.

Mrithi alichora. Mstari wa meza ulipinda, akaufuta kwa kiganja na kuuchora upya. Mwashi aliinama akasema huo ukuta wa pili, wa nyuma ya sebule, basi ndio wa kuvunja, na mke akasema ndiyo, huo.

Kisha akauweka mkoba wake chini, ndani ya nyumba, kando ya mahali pa cherehani.

— Jiko ni dogo, alisema. Ongeza.

Mrithi akaongeza. Mstari ukapita katikati ya chumba cha wageni, na Injinia, aliyekuwa amesimama humo, ikabidi arudi nyuma na kikombe chake, na kurudi tena, akauvuka mtaro, mpaka akawa amesimama barabarani.